Baruti Halali ya Kapteni

Watu wa Thika walimwita Kapteni, nami nitamwita hivyo hivyo, ingawa mpaka leo sijui alikuwa kapteni wa nini. Wengine walisema wa jeshi, wengine wa meli. Mimi nilimjua kama mteja. Alikuwa mzungu mwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru, na kwa sehemu kubwa ya miaka ya hamsini mimi ndiye niliyempimia baruti. Sikumpenda wakati ule na sijaanza kumpenda sasa. Nalisema mapema, kwa sababu mtu akishafariki wanaomsimulia hulainisha ndimi zao, na mimi sina nia hiyo.

Duka lilikuwa la Bwana Kanti, Mhindi mfupi, mpole, aliyeiogopa serikali kuliko alivyouogopa moto. Tuliuza misumari, mabati, majembe, rangi, kamba na seng'enge. Nyuma ya duka, mbali na nyumba za watu, palikuwa na kibanda cha mawe ambacho mlango wake ulikuwa wa mbao tupu, na bawaba zake za shaba ili chuma kisigongane na chuma kikatoa cheche. Humo ndimo tulimoweka baruti. Nyingi ilikuwa ya machimbo, maana Thika na Ruiru zilikuwa zikijengwa kwa mawe yaliyopasuliwa hapo hapo. Lakini kwenye rafu ya peke yake tulikuwa na makopo madogo kutoka Uingereza, baruti ya magobore. Wateja wa makopo hayo walikuwa wazungu wachache tu, na Kapteni alijihesabu kuwa mkubwa wao.

Alikuwa na magobore mawili, zile bunduki za zamani ambazo unamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki, kisha unaweka fataki kule nyuma ndipo upige. Bunduki za kisasa aliziona ni za wavivu. Jumamosi alikwenda na wenzake kuwinda kanga na kwale kwenye nyasi za kuelekea Juja, na siku nyingine walishindana kulenga kibao hadi moshi mweupe ukatanda shambani kama wa watu wanaochoma majani mabichi.

Kazi ya kibanda niliipata Hali ya Hatari ilipotangazwa kupambana na waasi wa Kikuyu. Aliyeifanya kabla yangu alikuwa Mkikuyu, na Bwana Kanti aliamriwa amwondoe. Mimi ni Mwislamu wa mtaa wa Majengo. Baba yangu alifika Thika na watu wa reli, na kwa macho ya serikali sikuwa mtu wa kutiliwa shaka. Kwa hiyo nilipewa ufunguo, na pamoja na ufunguo nikapewa Kapteni.

Siku ya kwanza nilimletea kopo, nikaliweka juu ya kaunta. Alinitazama kama mtu anavyotazama ngazi ambayo hajui kama itambeba.

"Hii nini?" akauliza. Alisema Kiswahili cha wazungu wa mashambani, kile ambacho kila neno ni amri.

"Baruti, Bwana."

"Mimi najua ni baruti. Mimi nauliza baruti gani."

Sikujua. Akalifungua, akamimina kidogo kiganjani, akaniita mjinga, halafu akaanza kunifundisha. Kila somo alilonipa kwa miaka ile lilifuata mpango huo huo: tusi kwanza, elimu baadaye. Siwezi kumnyima haki yake. Alifundisha vizuri.

Alinionyesha kwamba gobore lake kubwa lilitaka punje za wastani, na lile dogo punje laini kama mbegu za mchicha, na kwamba ukikosea ukatia laini kwenye kubwa, moto unakwenda haraka kupita kiasi na mtutu unaumia. Alinikataza nisimpe mtu yeyote mwenye gobore baruti ya machimbo hata kama ni nyeusi vile vile. Ile ni ya kupasua jiwe, alisema, inanyonya unyevu, leo inapiga hivi na kesho vile. Na baruti ya kisasa isiyotoa moshi, ile inayotolewa ndani ya risasi za bunduki mpya, alisema mwenye kuitia ndani ya gobore amejitengenezea bomu na kuliweka shavuni mwake.

Kila kopo jipya alilijaribu. Alichukua punje chache, akaziweka juu ya karatasi nyeupe huko uani, mbali na kibanda, akaziwasha kwa njiti ndefu. Iliyo nzuri huondoka mara moja na karatasi hubaki karibu safi. Iliyo mbaya huacha matone meusi na kuitoboa karatasi. Akimaliza, anajifuta vidole kwenye aproni yangu. Kaunta ilikuwa na kitambaa cha kufutia, nami nilikuwa nimekiweka hapo kwa ajili yake. Hakukigusa hata siku moja.

Jirani yake mmoja, mzungu mwenzake, aliona makopo ya Uingereza ni usumbufu. Akapasua risasi zake za kisasa, akatoa baruti iliyomo, akaitia ndani ya gobore. Mtutu ulipasuka ukaondoka na kidole gumba. Kapteni alipopata habari alikwenda kumwona hospitali. Nilidhani alikwenda kumpa pole. Alikuja dukani kutoka huko, akatusimulia alivyosimama kando ya kitanda akamweleza yule mtu, ambaye mkono wake ulikuwa bado unavuja damu kwenye bendeji, tofauti ya baruti na baruti, tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Yeye lia," Kapteni akasema. "Lakini sasa anajua."

Kwenye mambo ya sheria alikuwa mkali zaidi. Akiingia dukani hakuamkia mtu. Alisema, "Karatasi kwanza," akaweka juu ya kaunta leseni yake ya bunduki na kibali cha baruti kutoka polisi, na mimi nilipaswa kuvisoma kwa sauti, jina, aina ya bunduki, uzito alioruhusiwa, tarehe ya mwisho. Haikujalisha kwamba nilikuwa nimevisoma mwezi uliopita na havikubadilika hata herufi. Mara moja mizani ilizidi kidogo sana, kiasi ambacho pumzi ya mtu ingekipeperusha. Akanifanya nirudishe punje kwa ncha ya kijiko cha mbao mpaka mshale ukakaa alipotaka.

Rafiki yake wa miaka mingi, ambaye walikuwa wakiwinda pamoja, alikuwa na tabia ya kulimbikiza makopo chini ya kitanda kuliko kibali kilivyoruhusu. Kapteni aliyaona alipokwenda kunywa chai. Hakumwonya. Alitoka hapo akaenda kituoni kumshtaki. Rafiki akanyang'anywa bunduki zote na hawakusemezana tena. Kapteni alitueleza habari hiyo huku akichagua kopo la rangi ya dirisha.

Bwana Kanti alimsifu kwa hayo. "Salim," aliniambia siku moja, "kama wateja wote ni kama huyu, mimi nalala usingizi mzuri sana."

Na ni kweli, mwenye duka la baruti wakati ule alihitaji usingizi. Wakaguzi walikuja bila taarifa. Kopo moja likipotea, duka lingefungwa. Mkikuyu akikutwa na risasi moja tu mfukoni, au baruti ya kujaza kofia, angeweza kunyongwa. Kila mtu wa Thika aliijua sheria hiyo. Akina mama waliipitisha kwa watoto wao pamoja na onyo la kutocheza barabarani.

Sasa nimlete Mwaura, kwa sababu bila yeye Kapteni angebaki kuwa mzee msumbufu tu, na wasumbufu tumewahudumia wengi.

Mwaura alikuwa mbeba bunduki wake. Alikuwa Mkikuyu wa rika langu, mrefu, mtu wa maneno machache, aliyevaa koti kuukuu la Kapteni lililomfika juu ya viganja. Yeye ndiye aliyesafisha mitutu, aliyeyeyusha madini ya risasi, aliyebeba pembe ya baruti porini. Kapteni akienda kunyolewa au kuonana na watu wa benki, Mwaura alibaki dukani nasi tukanywa chai. Ndipo nilipomfahamu. Alikuwa na namna ya kumsimulia bwana wake bila kumtukana, kiasi cha kunifanya nicheke halafu nikose raha.

Kapteni alikuwa na pikapu. Siku ya mvua, kopo la baruti lilikaa mbele kwenye kiti, limefunikwa kwa koti lake la mvua mwenyewe. Mwaura alikaa nyuma, wazi, mpaka Ruiru. Nilimwuliza kama mbele hapakuwa na nafasi ya watu wawili na kopo.

"Ipo," akasema. "Lakini baruti ikilowa inaharibika."

Mwaka mmoja binti yake mdogo alishikwa na homa ya mapafu. Mwaura alikwenda kuomba mtoto apelekwe hospitali Thika kwa pikapu. Kapteni akamwambia petroli ni ya shamba. Wanjiru, mkewe Mwaura, akambeba mtoto mgongoni hadi barabarani na kuomba lifti kwenye lori la mkonge. Mtoto akapona, kwa rehema ya Mungu. Siku moja tu baada ya kumkatalia, Kapteni aliwasha pikapu akampeleka mbwa wake kwa daktari wa mifugo, Nairobi.

"Alikuwa anaumwa nini mbwa?" nikamwuliza.

"Kupe," Mwaura akajibu. "Sikioni."

Nimekutana na watu wengi wabaya ambao hawakujali sheria, na hao ni rahisi kuwaelewa. Kapteni alinishinda kwa sababu alikuwa na sheria kwa kila punje ya baruti, na hakuwa nayo hata moja kwa yule aliyeibeba.

Ilikuwa Jumamosi, Hali ya Hatari ikiwa imekaza. Kapteni alikuja na Mwaura kuchukua baruti. Nikasoma karatasi, nikapima, akajaribu, akajifuta kwangu, akatia sahihi. Mambo yote kama kawaida. Walipofika mlangoni, gari la rafiki yake mmoja likasimama nje. Rafiki akamwambia kuna chakula cha mchana kilabuni na wageni kutoka Nairobi, apande waende.

Kapteni alisita. Pikapu ilikuwa kwa fundi siku hiyo, walikuwa wamekuja Thika kwa gari la mtu. Kuingia na baruti kilabuni ilikuwa mwiko. Mimi nikatoka nyuma ya kaunta.

"Bwana, tuirudishe kibandani mpaka umalize."

"Hapana," akasema. "Mimi natia sahihi kwisha. Kurudisha inataka karatasi ingine."

Rafiki akapiga honi. Kapteni akamgeukia Mwaura, akamtia kopo mkononi. "Peleka nyumbani. Weka stoo. Funga."

Bwana Kanti alikuwa amesimama kando yangu. Nilimsikia akivuta pumzi.

Mwaura hakuondoka. Alishika lile kopo mbele yake kwa mikono miwili. "Bwana, njiani kuna polisi. Wakiniuliza?"

"Sema ni ya Kapteni."

"Niandikie, Bwana. Hata maneno mawili."

"Mimi najulikana," Kapteni akasema, na alikuwa tayari anafungua mlango wa gari. "Wewe nenda."

Gari likaondoka. Mwaura akabaki barabarani na kopo, jua la mchana kichwani. Nilimwambia aliache, nitalificha kibandani, na Kapteni akirudi atukane anavyotaka. Akafikiri. Akasema akirudi shambani bila kopo atafukuzwa leo leo, na watu waliofukuzwa mashambani walikuwa wakirundikwa kwenye malori kupelekwa wasikokujua, yeye na mkewe na mtoto. Nikampa kipande cha gunia alifunge. Akapanda lori la mkonge lililokuwa likielekea Ruiru.

Kabla ya kufika Juja walisimamishwa. Utingo wa lori hilo ndiye aliyetuletea habari jioni ile, hata hakukaa. Alisema Mwaura aliteremka mwenyewe kabla hajaitwa, akanyoosha kopo, akasema, "Hii ni ya Kapteni wa Ruiru." Alipigwa hapo hapo hadi akaanguka, kisha wakamchukua.

Nililala nikiwa na tumaini, nawaambia kweli. Nilisema Kapteni ataulizwa, atasema ndiyo ni yangu, atakaripiwa kidogo kama wazungu wanavyokaripiana, na Mwaura atarudi na meno machache kinywani. Sikuona njia nyingine.

Jumatatu Wanjiru alikuja dukani. Alikuwa ametembea kutoka Ruiru, miguu yake imejaa vumbi jekundu mpaka magotini, na hakutaka kuketi.

"Salim, Jumamosi ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa."

"Uliona nani alimpa ile kitu?"

"Kapteni. Kwa mkono wake."

Akafumba macho kidogo. "Kapteni amewaambia polisi hakumtuma," akasema. "Amesema hajawahi kumpa mtu baruti yake. Na wote wanasema ni kweli, kwa sababu wanamjua."

Nilisimama pale nikaona jambo lilivyokaa. Miaka yote ile ya karatasi kwanza, na mizani, na rafiki aliyeshtakiwa kwa makopo ya chini ya kitanda, ilikuwa imejenga ukuta, na sasa Kapteni alikuwa amejificha nyuma yake. Angekiri, angepoteza kibali chake na magobore yake mawili. Kibali kilisema wazi kwamba baruti haitiwi mkononi mwa mtu mwingine. Kwa hiyo alichagua. Upande mmoja magobore, upande wa pili Mwaura.

Nilimwambia Bwana Kanti nakwenda kituoni. Sikumwomba aje. Nilijua alivyo. Mkaguzi akikohoa tu nje, yeye alitafuta leseni yake kwenye droo kuhakikisha ipo. Alisikiliza, akapanga upya misumari iliyokuwa imepangwa tayari, akasema kwa sauti ndogo, "Wataninyima leseni, Salim."

"Huenda."

"Nina watoto."

"Najua, Bwana Kanti."

Akaingia ndani. Nikavua aproni nikatoka. Nilikuwa nimefika kwenye kona niliposikia mlango wa duka ukifungwa kwa kufuli, mchana, siku ya kazi, jambo ambalo hakulifanya isipokuwa Diwali. Akaja nyuma yangu akiwa amevaa koti lake la harusi za watu, anahema.

Kituoni tulimkuta Kapteni mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha wageni, miguu ameinyoosha. Ofisa alikuwa kijana mweupe mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Bwana Kanti alisimulia yote, pole pole, kwa Kiingereza. Mimi nikasimulia tena kwa Kiswahili. Ofisa akamgeukia Kapteni. Kapteni hakutugeukia sisi. Alizungumza akiwa anautazama ukuta.

"Mwulize mwenye duka," alimwambia ofisa kwa Kiingereza, na hicho nilikielewa, "kwa miaka yote hii, amewahi kuniona nikimkabidhi mtu baruti?"

"Kabla ya Jumamosi," akasema Bwana Kanti, "hapana."

"Umesikia," Kapteni akamwambia ofisa.

"Lakini Jumamosi nimeona." Bwana Kanti alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Jumamosi nimeona kwa macho haya. Hata duka ukifunga, nimeona."

Ofisa aliandika kwa muda mrefu. Kapteni akawasha kiko chake. Hakuonyesha hasira wala aibu. Nilimtazama mikono. Ilikuwa imetulia kama siku zote akijaribu baruti.

Mwaura hakunyongwa. Mashahidi wawili, mmoja wao mfanyabiashara mwenye leseni, walitosha kuitia kesi ile doa, na hakuna aliyetaka kuipeleka mbele ya jaji. Lakini hakuachiliwa pia. Wakati ule serikali ikishindwa kumfunga mtu kwa kesi ilikuwa na njia ya kumfunga bila kesi. Akatiwa kizuizini, akapelekwa kambi moja ya nyikani, kwenye joto, ambako hakuna aliyemwambia atatoka lini. Kibanda chake shambani kilivunjwa wiki hiyo hiyo na Wanjiru akahamishiwa kijiji kimojawapo cha Wakikuyu kilichozungushiwa handaki na serikali. Alichuma kahawa ya watu wengine na kulea binti. Kapteni hakuulizwa tena lolote.

Mwezi uliofuata alikuja dukani.

"Karatasi kwanza," akasema, akaziweka juu ya kaunta.

Nilizisoma. Nikapima. Akaenda uani akajaribu, akarudi, akanyoosha vidole vyake kwangu. Nilikuwa nimeivua aproni nikaikunja nikaiweka chini ya kaunta. Vidole vikabaki hewani. Akanitazama, nikamtazama. Akatoa leso yake mwenyewe. Ndivyo vita pekee nilivyopigana naye na kushinda, na vilikuwa vidogo kuliko kitu chochote alichomfanyia Mwaura.

Leseni ya makopo ya Uingereza ilipofika mwisho wake, Bwana Kanti hakuomba nyingine. Mkaguzi alipouliza, alisema paa la kibanda linavuja. Lilikuwa halivuji. Akabaki na baruti ya machimbo tu, na wale wa magobore wakaambiwa waende Nairobi.

Mwaura alirudi miaka ya hamsini ikielekea kuisha. Siku aliyoingia dukani sikumtambua. Niliona mtu mwembamba, mabega yamekunjamana, mvi pembeni mwa kichwa, mguu mmoja anauvuta, mashavu yameingia ndani palipokosa meno. Aliniamkia, na ile sauti ndiyo iliyonifanya nizunguke kaunta nikamkumbatia mbele ya wateja. Kambini alikuwa amejifunza useremala. Sasa alikuwa anajenga nyumba yake kidogo kidogo, na kila alipopata nafasi alikuja kuchukua misumari. Habari za Kapteni hakuzileta na mimi sikuzileta.

Mara ya mwisho nilipomwona Kapteni, ilikuwa siku ya soko. Aliletwa na gari, akapanda ngazi mbili za duka kwa shida. Alikuwa amenona usoni na kukonda miguuni. Macho yake yalikuwa bado mazima. Alisimama akasoma maandishi madogo kwenye makopo ya rangi rafu ya juu ambayo mimi nilihitaji miwani kuyasoma.

"Baruti," akasema.

"Hatuuzi tena, Bwana. Ya magobore iliisha. Nenda Nairobi."

"Nairobi mbali." Akaketi kwenye kigoda tulichowawekea wazee. "Bunduki nashika kutu. Ile boy ya sasa hapana jua kusafisha."

Wakati huo Mwaura aliingia, kofia mkononi, akaja mpaka kwenye kaunta. Alimwona nani amekaa pale. Niliona alivyomwona. Akanigeukia mimi akasema, kwa sauti ya kila siku, "Nipe ya mabati, Salim, na kidogo ya mbao."

Nikaanza kuchota misumari. Mwaura alikuwa amesimama karibu na Kapteni kiasi kwamba angeweza kumgusa bega.

"Ile Mwaura," Kapteni akaniambia. "Mimi nasikia alirudi."

"Alirudi, Bwana."

"Wewe nafikiri mimi nasema uongo siku ile."

"Nafikiri hivyo, Bwana. Nimefikiri hivyo miaka yote."

Akatikisa kichwa kama mwalimu aliyechoka na mwanafunzi. "Ofisa nauliza mimi, wewe natoa ruhusa? Mimi nasema hapana. Ruhusa ni karatasi. Mimi hapana andika karatasi. Uongo iko wapi?"

"Alikuomba umwandikie."

Mwaura alikuwa anatazama misumari ikiingia kwenye mizani.

"Yeye nasafisha mzuri," Kapteni akasema mwishowe. "Hakuna ingine kama yeye. Wewe ambia yeye rudi kazi. Ambia yeye mimi nasamehe."

"Unamsamehe kitu gani, Bwana?"

"Matata yote. Polisi kuja shamba yangu."

Nilifunga misumari ndani ya gazeti. Nilichelewesha kufunga, sijui kwa nini. Labda nilitaka kumpa Mwaura muda wa kufanya chochote alichotaka kufanya, na kama angetaka nyundo ningempa. Alichukua kifurushi, akakitia mfukoni, akavaa kofia yake. Kapteni alikuwa amenyoosha miguu njiani kama kawaida yake. Mwaura akasimama, akangoja. Kapteni akairudisha miguu bila kumtazama usoni.

"Asante, Bwana," Mwaura akasema, akapita, akatoka.

Kapteni akajisogeza kigodani. "Sasa wewe taambia yeye?"

"Ameshasikia, Bwana."

Alinitazama. Halafu akaugeukia mlango. Aliinuka kwa kushika kaunta, akajikokota hadi kizingitini, akasimama pale. Nje kulikuwa na wanaume wengi waliovaa makoti makuukuu na kofia, wengine wanakwenda stesheni, wengine wanarudi sokoni, na yeye akawa anawatazama mmoja mmoja usoni, wanavyopita. Mimi nikamgeukia mama mmoja aliyekuwa akisubiri, nikamwuliza alitaka karai la ukubwa gani.